Mwanangu Akivuta Oksijeni, Nilimtisha Mama wa Watu

Ni mimi. Mwanzoni watu wa wodi ile walimlaumu mama mkwe, wengine wakalaumu ushamba, na sista mmoja akalaumu shule za Mwala alikotoka mama mwenyewe. Wote walikosea. Aliyemwambia mama yule akatae mpira wa oksijeni ni mimi, kwa mdomo wangu huu, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba.

Jina langu sitalitaja. Bado naishi hapa Machakos, na kinyozi anayeninyoa ni yule yule. Sitaki anishike kichwa akiwa na hasira.

Mimi ni mtu wa kutotulia. Shule niliiacha darasa la sita, na wala si kwa kukosa karo. Niliona lori la mchanga likipita nje ya uwanja nikataka kujua linaenda wapi. Lilienda Nairobi. Tangu hapo nimepakia mchanga mtoni, nimeswaga mbuzi wa wafanyabiashara wa Kisomali hadi kichinjioni, nimechanganya kokoto, nimeuza akala, vile viatu vya tairi, nimesukuma mitungi ya gesi kwa fundi wa kuchomelea mageti pale Katangi. Kila kazi niliifanya mpaka nikaelewa inavyokwenda, kisha nikaondoka. Watu husema ni uvivu. Si uvivu! Ukishajua kitu kinavyofanya kazi, kuna haja gani ya kukifanya tena?

Mama Muuo, mwanamke ninayeishi naye, hakubaliani na hoja hiyo. Wakati huo alikuwa akishona kwenye kiwanda cha nguo Athi River. Alilala kule na wenzake wiki nzima, akarudi Jumamosi. Kiwandani ukikosa siku moja, cherehani yako inapewa msichana anayesubiri getini. Kwa hiyo mtoto alibaki na mimi, maana mimi nilikuwa nimepumzika kati ya kazi mbili. Mapumziko yale yalikuwa marefu kidogo.

Muuo alikuwa hajafikisha miaka miwili. Ana jina la marehemu baba yangu, na kwa desturi yetu Wakamba, mtoto aliyerithi jina la baba yako unamwita Nau, yaani baba. Ukinisikia nikibembeleza, "Nau, tafadhali kunywa uji," ujue ni mtu mzima akimsihi baba yake ambaye bado anajikojolea.

Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu ukishuka kutoka vilima vya Iveti hadi mlangoni. Kikohozi kilianza kama mchezo. Nikampaka dawa ya kuchua. Jirani mmoja akasema ni kimio, kikatwe. Mwingine akasema ni kijicho. Mimi nikasema ni vumbi, kwa sababu sikuwa nimewahi kusema "sijui" tangu nizaliwe. Siku mbavu zake zilipoanza kubonyea kila akivuta pumzi, nilimfunga kwa blanketi nikakimbia naye hadi hospitali moja ya hapa. Hiyo nayo sitaitaja.

"Nimonia," wakasema. "Alazwe."

Wodi ya watoto ni nchi ya akina mama. Mwanamume huingia saa ya kuona wagonjwa, anasimama kando ya kitanda akishika kofia, anauliza "Anaendeleaje?", anaacha mkate na kuondoka akijiona shujaa. Mimi niliingia na blanketi na sufuria. Vitanda vyote vikanigeukia kana kwamba fahali ameingia kanisani.

Sista wa zamu alikuwa mama mnene mwenye saa iliyoning'inia kifuani. "Mama yake yuko wapi?"

"Yuko kazini, sista."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa."

"Hiyo naiona. Sasa sikiza. Utakaa. Lakini akina mama wakinyonyesha, uso kwa ukuta. Nikikupata umegeuka, utaenda kulala na soja wa geti."

Nikaujua ukuta ule! Mpaka leo naweza kukuchorea nyufa zake.

Kitanda cha kulia kwangu kilikuwa na Bi Rukia, bibi wa Kiislamu wa hapa mjini, muuza mahamri, aliyekuwa akimwuguza mjukuu wake mwenye pumu. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zote za mle ndani. "Haya baba, geuka, watu wanyonyeshe," aliniambia siku ya kwanza.

"Bibi, kwani na wewe unanyonyesha?"

"Mimi nasimamia. Geuka!"

Kitanda cha kushoto alikuwepo Mama Syombua, msichana hasa, mtoto wake wa kwanza, kutoka bondeni huko Mwala. Syombua alikuwa na miezi michache tu, kifua kimebana kama cha Muuo. Mama yake aliongea polepole na kumshukuru kila mtu, hata mfagiaji aliyemmwagia maji miguuni.

Sasa, mtu kama mimi ukimfungia mahali penye vitu asivyovijua, atafanya nini? Nikauliza. Kwa nini sindano inaingia kichwani na si mkononi? Hii dripu ni maji au ni chumvi? Nimonia inakaa upande gani? Sista alinijibu mara ya kwanza, akanijibu mara ya pili, mara ya tatu akasimama akaniangalia.

"Wewe umetumwa na serikali?"

"Hapana sista, nataka tu kujua."

"Basi jua kwamba nina wodi nzima ya kuhudumia."

Lakini nilikuwa nimeshaokota ya kutosha. Nilijifunza kuhesabu pumzi za mtoto kwa kutazama tumbo lake. Nilijua dawa ipi ni ya homa na ipi ni ya kifua. Akina mama, ambao walimwogopa sista kama wanavyoogopa polisi, wakaanza kuniuliza mimi. "Baba Muuo, hebu angalia wangu anavyopumua." Naangalia. Nakunja uso. "Mbio za pumzi zimepungua kidogo tangu jana," nasema, na mama wa watu anapumua kwa raha.

Wakaanza kuniita Daktari. Kwanza kwa mzaha. Baadaye mzaha ukaisha na jina likabaki.

Nikuambie ukweli, jina lile lilikuwa tamu! Maisha yangu yote swali ambalo watu wameniuliza ni moja tu: utaondoka lini? Sasa hapa kuna wanawake wanaosimama kwenye foleni waniulize kuhusu watoto wao. Nikaanza kutembea mikono ikiwa nyuma. Siku ya madaktari wenyewe kupita kitanda kwa kitanda, nilifuata msafara wao kwa nyuma nikiitikia kwa kichwa, mpaka mwanafunzi mmoja wao akanisalimia kwa heshima. Nikamwitikia!

Asubuhi moja daktari alisikiliza kifua cha Muuo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akamwita sista kando. Mtungi ukaletwa juu ya kigari, mrefu, mweusi, na shingo nyeupe. Nikamshika Muuo mguu. Lakini Daktari wa Wodi haonyeshi hofu, kwa hiyo nikasema kwa sauti, "Huyu namjua!"

"Nani?" akauliza sista.

"Huyu mtungi. Kule Katangi tulikatia vyuma vya mageti na gesi hii hii. Oksijeni. Inakata chuma kama ugali."

Bi Rukia akadakia kutoka kitandani kwake. "Ala! Kwa hiyo leo Muuo anachomelewa?"

Wodi nzima ikacheka. Hata sista alicheka huku akiingiza vijimpira viwili puani mwa mwanangu. Aliyekosa kucheka alikuwa Mama Syombua. Alimkumbatia mtoto wake akausogeza mgongo karibu na ukuta.

Hapa nieleze jambo ambalo kila mama wa mle alilijua bila kuambiwa. Watu wa kwetu waliofiwa na mtoto hospitalini, wengi walimwona mara ya mwisho akiwa na mpira ule puani. Basi ikaaminika kwamba mpira ndio unaoua. Ni kama kusema mwavuli ndio unaoleta mvua. Lakini ukiwa na mtoto wa kwanza, na mama mkwe amekuonya kabla hujapanda gari kuja mjini, utaanzia wapi kubishana na mwavuli?

Muuo wangu hakufa. Midomo iliyokuwa imegeuka rangi ya majivu ikarudi kuwa midomo. Mchana akafungua macho akasema, "Ndidhi," kwa kudai ndizi. Nililia. Nikasema ni vumbi.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kuulinda ule mtungi. Una saa ndogo yenye mshale, na nilijua kuisoma tangu Katangi. Kila nikitazama, mshale umeshuka kidogo. Nikamsikia sista akimwambia mwenzake kwamba wa pili uko tupu, na gari la kuleta mingine kutoka Nairobi litafika kesho. Ile "kesho" ya ofisini unaijua. Ni siku ambayo haiko kwenye kalenda.

Syombua naye akazidiwa. Pua zikawa zinapanuka na kufunga, anaguna kila akitoa pumzi, ziwa analikataa. Sista akamtazama, akatazama mtungi wetu, akasema, "Kuna kidude cha kugawa. Huu tutautumia kwa wawili."

Nilitazama mshale. Mungu anisamehe, sikumtazama mtoto. Nilitazama mshale!

Wakati sista amekwenda kutafuta kidude chake, mimi nilitoka kufua nguo za Muuo kwenye mfereji wa nje. Mama Syombua akanifuata. Alikuwa amefunga ndizi mbili kwenye leso.

"Baba Muuo," akaniambia, akitazama chini. "Wewe unajua haya mambo. Niambie kama dada yako. Mama mkwe alisema wakimwekea mtoto mpira wa pua, nianze kutafuta mbao za jeneza. Ni ukweli?"

Rafiki yangu, jibu lilikuwa limelala kitandani ndani mle, likiwa na mpira puani na ndizi mkononi. Ningemwambia tu, "Mama, mwangalie Muuo." Basi. Mambo yangeisha hapo.

Badala yake nilisugua nguo kidogo, nikakohoa kama madaktari.

"Mama, mimi siwezi kukukataza."

"Lakini?"

"Lakini ile gesi ni kali. Nimeishika kwa mikono yangu. Chuma kinayeyuka, sembuse mapafu ya mtoto wa miezi."

Akashika kifua. "Aiya! Na wa kwako je? Si anayo?"

Mwone huyo msichana aliyedharauliwa kwa ushamba! Aliliona shimo mara moja. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikalifukia.

"Wangu ni mwanamume, tena mkubwa. Halafu mimi mwenyewe ndiye ninayeipima kwa ile saa. Ikizidi napunguza. Wewe utaijulia wapi?"

Sikuwa nimewahi kugusa kitu kwenye mtungi ule. Ningegusa, sista angenivunja vidole.

"Asante, Daktari," akasema. "Mungu akubariki." Akanipa ndizi zote mbili.

Nikazila!

Sista aliporudi na mpira, Mama Syombua alikuwa amemfunika mtoto kwa leso mpaka kichwani. "Hapana, sista."

"Hapana nini?"

"Tumekataa."

"Tumekataa ni nani na nani? Mimi naona mtu mmoja."

Mama Syombua akageuza macho kunitafuta. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wangu, ingawa hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa akinyonyesha.

Akaitwa daktari, kijana safi mwenye koti jeupe. Alikaa kitandani, akaeleza kwa upole, lakini alipofika mahali penyewe akatoa neno moja refu la Kizungu, na mama yule akalipokea kama hukumu. Akazidi kumkumbatia mtoto. Bi Rukia akajaribu: "Mwanangu, kubali. Mjukuu wangu kawekewa mara ngapi sijui, na bado anang'ata watu." Mama Syombua akatikisa kichwa. Heshima ilimzuia kusema, lakini macho yake yalisema wazi kwamba mwenye pumu ni mwingine, na Bi Rukia hajawahi kukata chuma.

Kwa hiyo ilibaki hivyo. Mtungi kwa Muuo, mshale ukishuka polepole, na upande wa pili wa kitanda changu mtoto akiguna. Aa. Aa. Aa. Nilijaribu kutosikia. Nilijaribu kumwimbia Muuo. Nilijiambia kwamba sikumkataza, nilisema wazi, "Siwezi kukukataza." Ona ujanja huo! Mwizi anayefungua mlango kwa adabu bado ni mwizi.

Alasiri ya siku iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, wodi ilijaa. Kulikuwa na akina mama wa kanisa fulani wenye vitambaa vya kichwa vya kufanana, waliokuja kuwaombea watoto wote kwa pamoja. Waliimba kwa nguvu kiasi kwamba waliokuwa wamelala waliamka wakilia, na kilio hicho kikahesabiwa kuwa pepo wanatoka. Mmoja aliniwekea mkono kichwani akaniombea nipate kazi. Sikujua ni nani aliyemwambia.

Katikati ya wimbo nikamwona Mama Syombua akikunja vitu vyake. Kikombe, leso, kopo la mafuta. Anavifunga kwenye kitenge.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Nyumbani. Kama ni kufa, afe kwa nyanya yake. Si na mpira."

Nilimtazama Syombua. Hakuwa akiguna tena. Nilikuwa nimesubiri sana aache kuguna, na sasa ameacha, nikaelewa maana yake. Alikuwa amechoka. Midomo ilikuwa ile rangi ya majivu ninayoijua. Mikono yake ilining'inia kama ya mwanasesere wa kitambaa.

Nikashika kitenge chake. "Mama Syombua, usiende. Ule mpira hauna ubaya. Mwambie sista amwekee, sasa hivi!"

Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! "Wamekutisha, Baba Muuo? Wamesema watakufukuza?"

"Hapana! Nakuambia ukweli."

"Ukweli uliniambia kule kwa mfereji. Hapa kuna masikio." Na akanipigia jicho, kama watu wanaofichiana siri.

Nimeuza akala nikiapa ni za tairi jipya, na watu wakakataa kuniamini. Siku hiyo moja niliyohitaji uongo wangu ukataliwe, niliaminiwa kama nabii.

Kidude cha kugawa kilikuwa kimeshafungwa kwenye mtungi, na mpira wa pili ukining'inia bila mwenyewe. Nikaushika. Nikaupachika puani mwangu, nikasimama katikati ya wodi mikono kiunoni, nikivuta pumzi kwa kelele.

"Ona! Ona mama! Nimekufa? Nimeyeyuka?"

Wimbo ukakatika. Akina mama wa kanisa wakanitolea macho. Nilikuwa kama fahali aliyetobolewa pua kwenye mnada.

Bi Rukia akapiga makofi. "Subhanallah! Leo wodi ya watoto imelaza mwenye ndevu."

"Wewe ni mtu mzima," akasema Mama Syombua, akifunga fundo la kitenge. "Wewe unaweza hata kunywa mafuta ya taa. Mtoto wangu si kama wewe."

Sista akaja mbio, akanichomoa mpira puani kwa nguvu iliyonitoa machozi. "Wewe mwanamume una wazimu? Unachezea pumzi za watoto?"

"Ndiyo, sista," nikasema. "Ndiyo hasa."

Sikuwa na kitu kingine mfukoni. Uongo wangu ulikuwa umekwisha, maigizo yamekwisha. Uliobaki ulikuwa ukweli wa chini kabisa, ule ambao hata mimi nilikuwa sijautazama usoni. Nikausema mbele ya wote, kanisa na wodi.

"Mama Syombua, nilikudanganya. Si kwa sababu gesi ni kali. Mshale ulikuwa unashuka. Niliogopa mtungi utaisha, na sikutaka mtoto wako agawane na wangu."

Mama Syombua akasimamisha mikono kwenye fundo.

Hilo aliliamini mara moja. Maneno yote ya sista, ya daktari, ya Bi Rukia, ya mimi mwenyewe na mpira puani, yote yalimpita. Lakini kwamba mtu anaweza kumwacha mtoto wa mwenzake akose hewa ili wake apate, hilo halikuhitaji maelezo. Alilijua tangu utotoni, kama sote tunavyolijua.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliliacha fundo la kitenge, akamfunua mtoto, akamwambia sista, "Mwekee." Basi. Kwangu hakusema neno, siku hiyo wala siku nyingine.

Sista alimwekea mpira, akaanza kumsugua miguu, akamwita daktari kwa sauti ambayo hata wimbo haungeishinda. Wageni wakatolewa nje. Mimi nilisimama na mgongo kwenye ukuta wangu, na kwa mara ya kwanza sikuugeukia. Niliona yote. Walihangaika na kitoto kile mpaka jua likapungua dirishani. Halafu Syombua akaguna. Aa. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo.

Mshale ulikuwa karibu na mwisho. Nilimwendea sista nikiwa nimeshika kofia mikononi kama wale akina baba wa mkate. "Sista, na mtungi ukiisha?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yana unyevu. "Ukiisha tunaazima wa chumba cha upasuaji. Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Kuna mtungi upasuaji?"

"Upo. Ulidhani sisi tutakaa tutazame watoto wakiishiwa? Wewe ambaye umeniuliza mpaka jina la mende wa jikoni, hilo ulishindwa kuuliza?"

Nikaizungusha kofia mikononi. Niliuliza kila kitu katika wodi ile! Swali moja lililokuwa na maana nililimeza, kwa sababu nilishajiona ninalo jibu. Jioni ile ile wakaingiza mtungi wa upasuaji, umejaa hadi juu, na wawili wakauvuta bila hata kuumaliza.

Muuo alitoka kwanza. Syombua alibaki nyuma muda mrefu, zaidi ya vile ambavyo angebaki kama angewekewa siku ile ya ndizi. Sista alinihakikishia hilo bila mimi kumwuliza. Tulipokuwa tunaondoka nilipita kitandani kwao niage. Mama yake akageukia ukuta. Ukuta wangu! Syombua alipona, nilisikia baadaye kwa Bi Rukia, akarudi Mwala mgongoni kwa mama yake. Lakini nisijipambe: si mimi niliyemponya.

Mama Muuo alikuwa amefika Jumamosi kabla hatujaruhusiwa. Kutoka getini hadi kitandani si mbali, lakini alipofika kwangu alikuwa ameshaambiwa yote, pamoja na habari ya mpira puani, ambayo Bi Rukia aliigiza kwa mwendo.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli."

"Ulifanya hivyo kwa ajili ya Muuo?"

Nikaona mlango umefunguka. "Ndiyo. Kwa ajili ya Nau."

Akamchukua mtoto kutoka mapajani mwangu. "Basi omba asilazwe tena karibu na mtu anayempenda wake hivyo."

Hakurudi kiwandani. Hata cherehani hakwenda kuiaga. Sikumlazimisha, na wala hakunigombeza, alisema tu kwamba hawezi kushona huku akiwaza ni nani amekaa kando ya mtoto wake. Sasa anauza sukuma wiki na nyanya nje ya nyumba, mikono imepasuka kwa baridi, na najua kila mpasuko ni wangu. Bado tunaishi pamoja. Lakini Muuo akikohoa, hata kikohozi cha kupaliwa na chai, anamfunga mgongoni na kutoka naye, na mimi naambiwa nibaki nichunge mlango. Nachunga. Mlango wenyewe hauna kitu cha kuibwa.

Na sokoni bado wananiita Daktari. Mtu akiumwa jino, "Mwulizeni Daktari!" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nami nacheka nao, kwani nitafanyaje?

Ndugu yangu msomaji, kila wodi inaye mtu kama mimi. Kila matanga, kila baraza la wanywaji, kila foleni ya maji. Tunajua kidogo juu ya kila kitu, na kile kidogo kinatuwasha mdomoni. Ukituona tumeanza kukunja uso na kukohoa kama wataalamu, tutume tukachote maji.

Na wewe uliye kama mimi, ukiulizwa jambo la pumzi za mtu na hulijui, sema hulijui. Hutakufa. Mimi nimelisema mara nyingi sasa, na linatoka tu kama neno lingine.

Lakini kubwa zaidi nakuambia wewe mama, na wewe baba uliyeachiwa mtoto. Mtoto akihema mpaka mbavu zinabonyea, usikae na dawa ya kuchua, mkimbize. Na sista akikuambia awekewe mpira, mkubalie saa hiyo hiyo. Wale watoto mliowaona wakifa na mpira puani, wengi wao waliwekewa wakiwa wamechelewa. Na wengine walicheleweshwa na mtu aliyeketi kitanda cha pili, akila ndizi.